Karani Aliyepokelewa Kama Mshenga

Mimi nilipata msaada wa masomo, na kama kuna mtu kijijini kwetu aliyewahi kuupata kabla yangu, basi sikumsikia. Nasema hivi bila haya kwa sababu sasa ni mzee, na wazee tunaruhusiwa kujisifu kidogo. Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Shinyanga mjini, na msichana aliyemaliza darasa la sita alikuwa kitu cha kutazamwa njiani. Watu walinitazama, nami nikaendelea kutembea. Unyenyekevu haujawahi kuwa ugonjwa wangu.

Mwalimu wangu wa kike ndiye aliyeniletea habari kwamba hospitali moja ya misheni upande wa Geita ilikuwa na chuo cha wakunga, na kwamba Baraza la Wenyeji, yaani serikali ya watemi iliyokuwa chini ya Waingereza, lilikuwa likiwasaidia wasichana wachache wasio na uwezo. Mafunzo yalikuwa ya miaka miwili. Niliandika barua ya maombi kwa mkono wangu, mwalimu akaipitia, akanirudishia akisema niondoe sentensi mbili za kujisifu. Niliondoa moja. Baada ya miezi mitatu yakaja majibu: chuo kimenikubali, na karani wa Baraza atafika nyumbani kuona hali ya familia na kuchukua dole gumba la mzazi mbele ya mashahidi.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba mgeni atakuja. Baba sikumwambia mengi. Nilimwambia tu kwamba ni habari za shule. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na nilistahili yaliyofuata.

Wakaja Jumamosi asubuhi, wanaume watatu, wote wamevaa nguo safi. Mbele alikuwa mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, na fimbo yake. Nyuma yake karani, kijana mrefu mwenye kalamu mfukoni na mkoba wa ngozi kwapani. Wa tatu alikuwa tarishi wa Baraza, kazi yake kushuhudia. Walisimama nje ya ua wakasubiri kukaribishwa. Sasa mtu yeyote wa kwetu akiona wanaume watatu wamesimama hivyo asubuhi, kwenye nyumba yenye msichana mkubwa, haulizi wamekuja kufanya nini. Anajua ni posa.

Mama aliwaona kwanza. Alikuwa anapepeta mtama. Akatupa ungo, akakimbilia nyuma ya kihenge, ghala letu la nafaka, maana kwa desturi yetu mama wa msichana hakai uso kwa uso na watu wa upande wa mkwe. Baba akajifunga shuka vizuri, akamtuma kaka yangu aite majirani wawili, kwa kuwa mtu hapokei washenga peke yake. Mimi, ambaye nilijua ukweli wote, niliingia ndani nikachungulia kwenye ufa wa ukuta. Ningeweza kutoka na kusema. Nilidhani karani atajieleza mwenyewe baada ya salamu.

"Shikamoo baba," karani akasema.

"Marahaba. Mwangaluka wote," baba akajibu kwa salamu yetu ya asubuhi. "Karibuni mkae." Baba akawaangalia mmoja mmoja, na hasa mkoba. "Mmetoka mbali?"

"Tumetoka barazani kwa mtemi."

Hapo baba akakaa vizuri kwenye kigoda chake. Karani alifungua mkoba, akatoa karatasi, akaanza kusoma kwamba Baraza limekubali kugharamia binti wa mzee huyu, kumlisha na kumpa mahali pa kulala, na kwamba linaomba idhini ya baba yake mbele ya mashahidi hawa. Kila neno alilosoma lilizidi kuchimba shimo. Majirani walitikisa vichwa taratibu, kama wanavyofanya watu wanaosikia posa nzito.

Baba akasema, "Mtemi nimemheshimu tangu nikiwa kijana. Lakini nasikia ana wake saba. Binti yangu hatakwenda kuwa wa nane. Mpelekeeni salamu zangu."

Karani alibaki na karatasi mkononi. Mwanangwa akakohoa. Nami nikaona chuo changu kinapita mlangoni kinakwenda zake, nikapiga moyo konde, nikatoka nje. Msichana hatoki kwenye mazungumzo ya aina ile, na mmoja wa majirani aliinua mkono kunizuia. Sikusimama.

"Baba, hawa si washenga. Mtemi hanitaki, na mimi simtaki. Hii ni habari ya chuo cha wakunga. Nimeomba mwenyewe. Baraza linanisaidia ada kwa sababu sisi hatuna."

Kusema "sisi hatuna" mbele ya majirani kulikuwa kosa la pili. Baba alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo naikumbuka. Ng'ombe wetu walikuwa sita, na wawili kati yao walikuwa wa mtu mwingine, tumewekewa tuwachunge. Kila mtu pale aliyajua hayo. Lakini kujua ni jambo moja, na binti wa mwenye nyumba kuyatangaza ni jambo jingine.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaokota vijiti kadhaa pale chini, akavikata sawasawa kwa kisu, akaviweka mbele ya kigoda chake. Hivyo ndivyo wanaume wa kwetu walivyofanya katika mazungumzo ya mahari, kila jambo linalokubaliwa linawekewa kijiti ili asije mtu baadaye akasahau.

"Sawa," akamwambia karani. "Si ndoa. Lakini watu wanataka kumchukua binti yangu, wamlishe, wamlaze kwao, na wanataka dole langu. Mimi najua namna moja tu ya kuzungumza jambo la aina hiyo, na tutalizungumza hivyo. Atakula kwa nani?"

Karani akatazama karatasi. "Chuoni. Chakula ni cha chuo."

Kijiti kimoja. "Akiugua?"

"Atatibiwa palepale. Ni hospitali."

"Akifa?"

Karani alipekua karatasi mbele na nyuma, akasema jambo hilo halikuandikwa. Baba akakataa kuweka kijiti. Akasema atasubiri. Mwisho mwanangwa ndiye aliyejibu kwamba Baraza litamrudisha nyumbani azikwe kwao, naye atasimamia, na karani akaliandika pembeni kwa kalamu yake. Ndipo kijiti kikawekwa.

Mimi nilisimama pale nikiona aibu mwili mzima. Nilikuwa nimesoma barua ya chuo mara kumi. Nilijua kuna sehemu ambayo chuo kinasamehe na sehemu ambayo Baraza linalipa. Nilijiona nimeelewa kila kitu, na huyu hapa baba yangu anazungumza juu ya masomo kwa vijiti, kama mtu anayemwoza ndama. Nikaomba moyoni amalize haraka.

Kisha akauliza, "Jembe lake atapewa na nani?"

"Baba, sitalima," nikasema.

"Nyamaza. Mwanamke akienda kwenye mji wa watu lazima ijulikane jembe na chungu vinatoka upande gani. Kama kazi yake ni kuzalisha, basi atazalisha kwa kitu fulani. Hicho kitu kinatoka wapi?"

Karani akasoma ukurasa wa nyuma, ule ulioandikwa kwa herufi ndogo ambao mimi nilikuwa nimeupita kwa macho tu. Vifaa vyote vya kazi ni vya hospitali, akasema, isipokuwa mwanafunzi atakuja na viatu vyeusi vilivyofungwa, blanketi, sanduku lenye kufuli, nauli ya kwenda na kurudi, na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Asiyekuwa navyo hatapokelewa.

Saa. Mwanangwa mwenyewe hakuwa na saa.

"Mwaka jana," karani akasema polepole, "msichana mmoja wa upande wa Kahama alipewa msaada kama huu. Alifika chuoni, akarudishwa wiki hiyohiyo kwa sababu ya viatu. Hakuna aliyemsomea ukurasa huu." Akamtazama baba. "Hata mimi sikumsomea. Hakuna aliyeniuliza."

Baba hakujisifu. Aliweka vijiti vitano upande wa pili, upande wetu, akaviangalia. Nami nikaanza kusikiliza. Sioni haya kusema kwamba hapo ndipo nilipojifunza nini maana ya msaada wa masomo. Nilikuwa nimesoma kile wanachotoa. Baba alikuwa anatafuta kile wasichotoa, na alikipata bila kujua kusoma.

Swali lililofuata ndilo lililoleta kazi. "Akiwaacha akarudi nyumbani?"

Karani akasoma kwamba mwanafunzi akiacha masomo kwa kutaka kwake, au akimaliza akaolewa na kuacha kazi kabla hajatumika miaka mitatu katika zahanati za Baraza, gharama zote zitarudishwa.

Majirani wakacheka kwa pamoja, na baba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Sasa nyie mnaniambia si mahari. Mwanamke akiacha mji wa mume, ng'ombe wanarudi. Huyu akiwaacha, fedha zinarudi. Tofauti ni nini?"

"Tofauti ni kwamba wewe hupati ng'ombe," mwanangwa akasema.

"Hilo nimeliona," baba akajibu. "Basi mimi napata nini?"

Karani akarudi kwenye karatasi zake. Aliyejibu alikuwa mama, kutoka nyuma ya kihenge, tukisikia sauti tu.

"Dada yangu alitoka damu siku mbili mpaka akafa, na sisi wanawake wanane tulikuwa tumemzunguka hatujui la kufanya. Mtu mmoja tu angejua. Wewe unapata huyo mmoja."

Baba alikuwa amemchimbia kaburi huyo shemeji yake. Hakuuliza tena anapata nini.

Ikabaki habari ya mdhamini. Karani alieleza kwamba dole la baba ni la idhini, lakini Baraza linataka na mtu mwingine mzima wa ukoo asimame kama mdhamini. Fedha zikitakiwa kurudishwa, yeye ndiye atakayedaiwa. Majirani ghafla wakakumbuka kwamba wao si wa ukoo wetu.

Hapa lazima niseme juu ya kaka yangu, kwa sababu mambo yote yalikuwa juu yake na hakuna aliyekuwa amemtazama. Alikuwa amenizidi miaka minne. Kwa desturi yetu ng'ombe wanaokuja kwa ajili ya dada ndio wanaotoka kumwolea kaka mke, na mimi nilikuwa dada yake wa pekee. Wenzake wawili wa rika lake walikuwa wameshaoa. Yeye alikuwa ananingojea mimi, na alikuwa anangoja kwa heshima, bila kunisumbua. Sasa alisimama karibu na zizi akisikia miaka miwili ya chuo na mitatu ya kazi. Alijua kujumlisha hata bila shule.

"Mdhamini awe kaka yake," mama akasema kutoka nyuma ya kihenge.

Kila mtu alimwelewa. Kaka ndiye mtu wa pekee ambaye angekuwa na sababu ya kunitoa chuoni niolewe. Akiwa mdhamini, nikitolewa yeye ndiye anayedaiwa. Mama alikuwa amefunga mlango ule kwa komeo lake mwenyewe, naye wala hakuonekana uso. Nilimpenda sana mama siku ile. Kaka sikumfikiria, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Kaka alikuja akachuchumaa mbele ya mkoba wa karani. Alitoa dole gumba, tarishi akalipaka wino, akaliweka pale alipoonyeshwa. Karani akampa nakala yake, karatasi ya mdhamini, imekunjwa mara mbili. Kaka aliitia kwenye mfuko wa kaptula, akarudi kwa ng'ombe. Wiki iliyofuata aliondoka kwenda Geita kutafuta kazi kwenye mgodi wa dhahabu.

Alipata. Alishushwa chini ya ardhi kusukuma vigari vya mawe. Mshahara wake wa kwanza ulinunua viatu vyangu na blanketi, uliofuata ukanunua saa, ambayo alimwagiza dereva wa lori ainunue Mwanza. Sanduku baba alilitengenezesha kwa fundi kwa bei ya mbuzi mmoja. Nauli ikatoka kwenye pamba. Nilipofika chuoni, sista aliyepokea wanafunzi alikagua vitu vyangu kimoja kimoja, akatafuta kosa, akakosa. Wasichana wawili waliokuja na lori lile lile hawakuwa na saa. Mmoja alipewa wiki mbili za kutafuta. Mwingine alilia sana, nami nikakaa naye, nikamwonyesha namna ya kuandika barua kwa baraza la kwao kuomba nyongeza. Akapata. Tangu siku ile chuoni pale nikawa mtu wa kuulizwa. Wasichana waliniletea karatasi zao za msaada, nami niliwauliza maswali ya baba yangu: nani analisha, nani anatibu, jembe linatoka wapi, ukiwaacha itakuwaje. Niliwahi kumwambia sista kwamba karatasi ya baraza la wilaya fulani ilikuwa na mwanya, akaisoma, akakubali. Nilivimba kichwa kwa mwezi mzima.

Masomo nayo niliyaweza. Niliogopa damu siku ya kwanza tu. Mtoto wa kwanza niliyempokea kwa mikono yangu alikuwa wa mke wa mchimbaji aliyetoka Songea, na mama yule alinishika shingo kwa nguvu hata nikabaki na alama. Sikuwahi tena kujiuliza kama nimekuja mahali panaponifaa.

Kaka alikuwa akija kunitembelea baadhi ya Jumapili, kwa kuwa mgodi haukuwa mbali sana kwa lori. Tulikaa kwenye benchi la wageni. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nilijaza nafasi. Jumapili moja mwanzoni mwa mwaka wa pili alikuja amenyoa, amevaa shati jipya, akaniuliza nimebakiza muda gani.

"Mwaka mmoja hapa, halafu mitatu ya kazi."

"Na ukiacha leo?"

Nilimshukia. Nilimweleza kwa mapana na marefu, kipengele kwa kipengele, namna gharama zote zitakavyodaiwa, na kwamba mdhamini ni yeye, na kwamba atatoka jasho chini ya ardhi mpaka ndevu zake ziote mvi. Nilimwambia ajifunze kuelewa karatasi anazoziwekea dole. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akacheka kidogo, akanipa sukari aliyoniletea, akaenda kutafuta lori. Nilirudi bwenini nikiwaambia wenzangu kwamba nimempa kaka yangu somo.

Nilimaliza wa pili katika darasa letu. Baraza likanipeleka kwenye zahanati yake moja upande huo huo wa Geita, nikakaa miaka mitatu nikizalisha wake za wakulima na wa wachimbaji, Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, na watu waliotoka mbali ambao hatukuelewana ila kwa Kiswahili. Walinitafuta kwa jina. Kaka wakati huo aliacha mgodi, akarudi nyumbani na ng'ombe aliowanunua mwenyewe, akaoa mwanamke mpole wa kijiji cha jirani. Nilikuja harusini nikacheza mpaka kisigino kikauma. Nilisema moyoni kwamba mambo yote yamekaa sawa, na kwamba mpango wa mama na akili yangu ndivyo vilivyoyakalisha.

Miaka mitatu ilipokwisha nilikwenda Shinyanga barazani kuchukua karatasi ya kufunguliwa mkataba wangu. Nilimkuta karani yule yule, sasa ana miwani na tumbo dogo. Alinikumbuka kabla sijajitaja.

"Baba yako hajambo? Tangu siku ile sijaenda kwenye nyumba ya mtu na karatasi ambayo sijaisoma nyuma."

Alitoa jalada langu, akafungua, akanitilia sahihi hapa na pale. Katikati ya karatasi kukawa na moja ambayo haikuwa na muhuri. Akataka kuipita. Nikaweka kidole. Mimi na karatasi.

Juu iliandikwa: Mdhamini kujitoa. Jina la kaka yangu lilikuwa limejazwa kwa mwandiko wa karani, na jina langu, na chuo. Mwezi ulikuwa wa mwaka wangu wa pili. Chini palikuwa na mraba wa dole gumba. Ulikuwa mtupu.

"Mdhamini anaweza kujitoa?" nikamuuliza.

"Kabla mwanafunzi hajamaliza masomo, ndiyo. Akijitoa, msaada unasimama, mwanafunzi anarudi nyumbani, na hakuna anayedaiwa, kwa kuwa mwanafunzi hakuacha kwa kutaka kwake. Imeandikwa kwenye nakala ya mdhamini."

"Ya kwangu haikuandikwa."

"Ya kwako ni ya mwanafunzi."

Niliketi. Karani akavua miwani akaifuta. Akasema kaka alikuja akiwa na nakala yake mkononi, amesomewa na mwenzake wa mgodini, anajua kila neno. Aliomba karatasi ijazwe. Ikajazwa. Wino ukaletwa. Kisha akauliza swali moja: msichana akirudishwa sasa, huo mwaka aliokwisha kusoma utamfaa kitu?

"Nilimwambia ukweli," karani akasema. "Nilimwambia mwaka mmoja si kitu, hatapewa cheti, atakuwa kama hakwenda. Akakaa pale kwenye benchi mpaka saa sita. Nilipotoka kwenda kula alikuwa ameondoka. Sikuitupa. Nilidhani atarudi."

Nilitembea njia yote ya nyumbani. Miaka mitano nilikuwa nikijisifu kwamba nimesoma karatasi zile kuliko kila mtu. Karatasi ya kaka yangu ilikuwa mfukoni mwake muda wote, na sikuwahi kumwomba niione. Niliona haya, haya ya kweli, siyo ile ya siku ya vijiti.

Nilimkuta shambani anachuma pamba. Nilichukua kikapu nikaanza mstari wa pembeni yake, na baada ya muda nikamwambia nimetoka barazani, na nimeiona.

Hakuuliza nimeona nini. "Karani yule anatunza takataka," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipa somo."

Nilistahili. Tukachuma hatua kadhaa. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba palikuwa na msichana wa Nyasubi, kule Kahama, ambaye walikuwa wameelewana tangu alipokuwa akipita kwenda mgodini. Baba yake msichana alitaka ng'ombe kabla ya mavuno, na yeye mshahara wake ulikuwa bado haujatosha. Kuna mtu kijijini kwetu aliyekuwa tayari kunioa mimi kwa ng'ombe wa kutosha. Ilikuwa ni kunirudisha tu.

"Akaolewa?"

"Na mwenye duka. Wana watoto watatu."

"Ulimpenda sana?" Hakuna mtu kwetu anayemuuliza kaka yake swali la namna hiyo, lakini nilikuwa mkunga, na nilikuwa nimeshauliza watu mambo makubwa zaidi.

Akatupa pamba kikapuni. "Nilikuwa nimeshamjengea nyumba," akasema.

Kwenye mji wake, pale pembeni ya shamba, nyumba ilikuwa moja tu. Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni pake, anatuita tukale.